Mizani Mbili Kwenye Kikombe

Wapendwa, hapa Kintinku sote tunajua pombe inavyopikwa. Mama analowesha mtama au uwele, anasubiri uchipue, anaanika kimea, anasaga, anapika, kisha anaacha ichachuke. Ni kazi ya siku kadhaa, pamoja na kuni na maji ya kubeba kichwani. Tunajua pia tunavyomtendea mama huyo. Anaitwa mbele ya wazee, anazuiwa Meza ya Bwana, na jina lake linatajwa miongoni mwa waliorudi nyuma.

Sasa umeingia upishi mwingine. Vijana wetu waliosoma, na sisi wenye mishahara, tumejifunza kwenye simu kuchanganya wiski sebuleni. Kinywaji chenyewe kinaitwa Old Fashioned: sukari kidogo, matone machache ya dawa chungu ya mitishamba, wiski, barafu na ganda la chungwa. Si jambo jipya, maana gazeti moja la Marekani lilieleza mchanganyiko wa namna hiyo tangu mwaka 1806. Tunakoroga taratibu, wageni wanatusifu. Wala hatujasikia hata mmoja wetu akiitwa mbele ya wazee.

Kwa nini?

Wako wanaojibu kwamba wiski ya nyumbani ni ustaarabu, na pombe ya kilabuni ni ulevi. Haya, tupige hesabu. Mililita 60 za wiski yenye kileo cha asilimia 40 zina mililita 24 za kileo kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Basi ile glasi ndogo ni sawa na chupa nzima ya bia, ila imefunikwa kwa sukari na harufu ya chungwa. Ini haliulizi kama kileo kimetoka kwenye kibuyu au kwenye bilauri.

Wengine wanatukumbusha divai ya Kana, na ushauri wa Paulo kwa Timotheo. Ni kweli, hatuwezi kuyafuta Maandiko hayo. Lakini kama yanamtetea mwenye chupa, mbona hayamtetei mwenye chungu? Someni Isaya 5:22, ambapo nabii anawatangazia ole wanaojiona mashujaa wa kuchanganya vileo. Msiishie hapo. Mstari wa 23 unawashutumu wanaompa mwovu haki kwa sababu ya rushwa, na kumnyima mwenye haki haki yake. Nabii ameyaweka mambo hayo mawili pamoja. Sisi ndio tuliyoyatenganisha. Tujihoji kama si sadaka nono ya mwenye mshahara inayotufunga midomo.

Hatuandiki haya kuhalalisha ulevi. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi wetu tulifurahi, kwa kuwa vilikuwa vikiwamaliza vijana. Lakini pombe kali hiyo hiyo ikivaa chupa ya kioo, tunaipa nafasi kabatini, na watoto wetu wanatutazama.

Tunachodai ni mizani moja. Kama ni nidhamu, ianzie sebuleni kwetu. Kama ni huruma, ifike hadi jikoni kwa yule mama anayepika ili mtoto apate sare na daftari. Kumkataza chungu chake bila kumsaidia mtaji wa kuku au karanga ni kumtwika mzigo ambao sisi hatuugusi hata kwa kidole. Methali 20:10 inasema wazi kwamba vipimo vya namna mbili ni chukizo kwa Bwana.

Jumapili ijayo, kabla hatujageuka kumtazama mama yule aliyeketi benchi la nyuma, kila mmoja wetu akafungue kwanza kabati lake.