Walimu Hawahesabiwi Kama Magunia

Juzi katika soko la Tandale, mbele ya magunia ya mahindi, vijana wawili walishikana maneno. Mmoja alisema Kenya inatupita kwa wingi wa walimu wa vyuo vikuu. Mwenziwe akakataa katakata: sisi ni wengi kuliko wao, basi na walimu wetu lazima wawe wengi. Sisi wazee tukaombwa tuamue.

Ndugu zangu, swali lao ni zuri, lakini hesabu yao ina kasoro. Hapa Tandale mnunuzi mwenye akili hahesabu magunia tu. Huuliza kilo, kisha huchoma bambo aone punje za ndani. Na walimu tuwapime hivyo hivyo.

Kwanza tuwapime kwa watu. Sensa ya 2022 ilitupa Watanzania milioni 61.7. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Basi kila Kenya ikiwa na walimu kumi, sisi tunahitaji kumi na watatu ili tulingane. Tukiwa na idadi sawa na yao, bado tumepungukiwa. Wingi wa watu si ushindi. Ni mzigo wa kazi.

Pili tutazame tulikotoka. Makerere ilianza 1922, na Nairobi ikapata chuo chake cha ufundi 1956. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Chama cha TANU kikatoa jengo lake la Mtaa wa Lumumba, wakaingia wanafunzi wa sheria wasiofika kumi na watano. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, hapo ng'ambo ya Sinza. Mwaka 1965 Dk. Wilbert Chagula akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Wananchi hawakungoja utajiri. Walitoa nyumba yao wenyewe. Lakini miaka zaidi ya sitini imepita, na hatuwezi kumsingizia mkoloni kila upungufu.

Tatu, tuchome bambo. Mwaka 2013 Kenya ilipandisha vyuo zaidi ya kumi kuwa vyuo vikuu kwa mkupuo mmoja. Mabango yalibadilishwa upesi, lakini mwalimu mwenye shahada ya udaktari hapatikani kwa kupaka rangi bango. Mwaka 2014 ikatoka amri kwamba wahadhiri wawe na shahada hiyo kufikia 2018. Muda ukafika, wengi hawajaipata. Na mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma walisusia kazi kwa wiki saba wakidai malipo yao. Kwa wiki saba wingi wao kwenye orodha haukumfaa mwanafunzi hata mmoja.

Hatusemi haya kuwacheka ndugu zetu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi tumefungua vyuo vingi, na tutafungua vingine.

Basi tudai hesabu ya kweli. Kila chuo kitangaze kila mwaka mambo matatu: mwalimu mmoja anafundisha wanafunzi wangapi, walimu wangapi wana shahada ya udaktari, na vijana wangapi wanasomeshwa kushika nafasi za wazee wanaostaafu. Na walimu walipwe haki yao kwa wakati.

Mzazi wa Tandale anayeuza vitumbua alfajiri ili mtoto wake afike Mlimani hafaidiki kwa sisi kuishinda Kenya kwa maneno. Anataka mtoto akiuliza swali, awepo mwalimu wa kumjibu. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Uhuru na Kazi!