Msafiri Kwao

Katika toleo lililopita niliahidi habari za safari yangu ya Unguja, na ahadi ni deni.

Boti iliondoka Dar es Salaam saa moja asubuhi, ikafika kwa muda wa saa mbili hivi. (Anayechafukwa na moyo baharini akae nyuma, sehemu ya chini, mbele boti huruka kama mpira.) Bandarini Malindi nikatoa pasi yangu ya Uingereza. Kijana wa uhamiaji akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, bima unayo?" Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Naiandika hapa ili msije mkashtukia mlangoni. Nilikuwa nayo, ila lile neno "mgeni" lilinikaa kooni.

Nililala Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo bibi yangu mzaa mama alikuwa amepanga vyumba viwili vya juu. Leo ni hoteli. Binti wa mapokezi alinisemesha Kiingereza, akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Zanzibar. Nilipomjibu kwa Kiunguja aliona haya: "Shikamoo babu, nisamehe."

Nyumba yenyewe haikubadilika sana. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokuwa ukipima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu vilikuwa vyembamba na virefu kama ushoroba. Mlango wa nje ni wa Kigujarati, mbao zake hukunjwa, na vichwa vya shaba vingali vinang'ara. Wahindi wamejenga sana katika mji ule. Hata nyumba ya tajiri Tharia Topan, Hurumzi, imekuwa hoteli. Lakini juu darini, pahala bibi alipokuwa akianika karafuu, sasa panauzwa pombe. Sikupanda tena.

Usiku nilimpigia simu mjukuu wangu. Akauliza, "Babu, mbona hawakuwarudishia wenyewe?" Nikamweleza kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa. Mwenye nyumba wa bibi alikimbia na watoto wake, na waliopewa vyumba hawakuwa na fedha za kutengeneza paa. Mvua zikala kuta. Nyumba kadhaa zilianguka zenyewe. Hata Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na huo ni mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Hakuridhika, nami simlaumu. Dhulma haifutwi kwa chokaa mpya. Hata hivyo, sisi wa Castle Vale tumeona namna nyingine: majengo marefu 34 ya miaka ya 1960, na leo yamesimama 2 tu. Aliyekulia ghorofa ya kumi hana hata ukuta wa kumwonyesha mwanawe. Mimi niliweza kuugusa wa bibi, ingawa kwa kulipa.

Wakati wa Isha nilikwenda msikiti wa jirani, nikiwa sijui nipunguze sala au niitimize. Mimi ni msafiri, au nimefika kwetu? Nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa barazani.

"Unalala wapi?" Nikamwonyesha.

"Unalipa?"

"Nalipa."

"Basi punguza, sheikh."

Wanazuoni wetu hapa watasema kama hukumu yake ilikuwa sawa. Nilisali rakaa mbili, nikarudi nikipanda zile ngazi gizani bila ya kuuliza taa iko wapi.

Mwezi ujao, inshallah, nitaandika juu ya Pemba.