Afya Nyumbani: Mkono Mwepesi

Katika ukurasa huu nimezoea kukuandikieni habari za vyakula na dawa za nyumbani. Safari hii nataka kueleza habari za mikono, na jinsi nilivyonusurika.

Kukandwa si jambo geni kwetu. Mzazi wa Unguja hukandwa kwa maji moto na kusingwa mpaka arobaini yake itimie, na mtoto huchuliwa kwa mafuta. Kwa hiyo nilipofiwa na mume wangu, usingizi ukanipaa na kikosi kikanikaza, na binti yangu akanipeleka kwa bibi mmoja wa Kiingereza anayetibu kwa mikono, nilidhani nitakandwa. Wapi! Alinilaza chali na nguo zangu, akaweka viganja chini ya kichwa changu, akatulia. Uzito wa mkono ule ni kama wa sarafu.

Asili ya kazi hii ni Marekani. William Sutherland, aliyesoma katika chuo cha Andrew Taylor Still mjini Kirksville, Missouri, alitazama mifupa ya fuvu akaona kingo zake zimechongeka kama mashavu ya samaki. Akafikiri kwamba inacheza kidogo. Baadaye John Upledger akaieneza kwa watu wengi. Wenyewe husema maji ya ubongo yana mwendo wake, mara 6 hadi 12 kwa dakika. Lakini watafiti walipowapa watibabu wawili mgonjwa mmoja wampime, hesabu zao hazikupatana. Basi mimi siapi juu ya mwendo huo. Ninaoujua ni wa moyo, unaopiga mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akitulia, na wa pumzi, mara 12 hadi 20. Nikilazwa pale pumzi zangu hushuka, na usiku ule hulala. Hilo lanitosha.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana nilirudi kutoka Maskati kwa ndege, na siku ya pili shavu la mguu wa kushoto likavimba, lina moto na linauma. Wifi yangu alikwisha pasha mafuta ya nazi. "Wifi, nyoosha mguu nikukande," akaniambia. Nikamjibu ngoja kwanza, nina miadi yangu. Yule bibi alipouona mguu, hakuugusa. Alisema, "Leo hapana mkono. Nenda hospitali sasa hivi." Nikapigwa picha, ikaonekana damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari akaniambia kwamba laiti ungekandwa, bonge lile lingeweza kukatika likapanda mpaka mapafuni.

Wifi yangu alilia. Nikamwambia usilie, sote tulilelewa hivyo.

Basi, jamaa zangu, mguu mmoja ukivimba, ukawa na moto na maumivu, khasa baada ya safari ndefu, kuzaa au kupasuliwa, msiukande. Mpelekeni mgonjwa kwa daktari siku ile ile. Akipata kifua kuuma au pumzi kumkatika, pigeni simu, 999 Uingereza na 9999 Oman, bila ya kungoja.

Mafuta yetu tusiyatupe, lakini mkono mwema ni ule unaojua pia wakati wa kujizuia. Mpaka mwakani, inshallah.