Anayefunga Mlango Ndiye Adaiwaye Sababu

Neno baraza lina asili inayofundisha. Katika miji ya pwani, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, ambapo jirani na mpita njia huketi na kusikia yanenwayo. Leo jina hilo tumewapa madiwani, lakini mara nyingine husahau kuwa baraza hukaa nje ya mlango.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kusikiliza kikao cha baraza moja la wilaya hapa Uganda. Ajenda iliyobandikwa ukutani ilitaja ushuru wa soko. Mlinzi akatuzuia: "Mwalimu, leo kikao ni cha ndani." Nilipomwuliza sababu, alisema hakuambiwa. Wiki chache baadaye, akina mama wauza mboga walitozwa ushuru mpya, na hapakuwa na wa kuwaeleza umepandishwa kwa hoja gani.

Sidai kila kikao kiwe wazi. Baraza likijadili bei ya juu kabisa liliyo tayari kulipa kwa kiwanja, na muuzaji akasikia, hasara ni ya walipa kodi. Maradhi ya mtumishi, ushauri wa wakili katika kesi inayoendelea na shauri la mtoto pia vyastahili faragha. Lakini ushuru wa soko una siri gani?

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 41, humpa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kwaweza kudhuru usalama au mamlaka ya dola, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Ibara hiyo yahusu taarifa, si vikao. Hata hivyo yatufunza kuwa siri ina mipaka. Majirani zetu Wakenya wamekwenda mbele zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara za 118 na 196, inakataza Bunge na mabunge ya kaunti kuwafungia nje wananchi au vyombo vya habari, ila katika hali ya kipekee ambapo Spika ameamua kuwa ipo sababu ya haki.

Hapo ndipo penye kiini. Mwananchi hadaiwi sababu ya kuingia. Anayefunga mlango ndiye adaiwaye. Sababu hiyo itajwe hadharani kabla ya mlango kufungwa, na iandikwe katika kumbukumbu. Kifungwe kipengele kinachohusika pekee, si kikao kizima. Kisha uamuzi utangazwe. Aibu ya viongozi na hofu ya kelele za wananchi si sababu.

Wanafunzi wangu wameliandikia baraza lile barua kwa Kiswahili fasaha, wakiomba kuonyeshwa mahali sababu ya siku ile ilipoandikwa. Tunangoja jibu.