Ndoo ya Maji Barazani

Yapo makanisa mijini ambako, Jumapili alfajiri, bawabu huanza kazi kwa kumwaga maji barazani. Aliyelala pale huamka ameloa, akakusanya gunia lake na chupa yake ya gundi, akavuka barabara. Baadaye waumini hupita palepale, Biblia kwapani, kwenda kuomba rehema. Hiyo ni aibu, na lazima ikome.

Hawa si watu wachache. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Wapo waliokimbia kipigo nyumbani, waliofiwa na wazazi, waliofungiwa nyumba kwa kodi, na watoto waliozaliwa hukohuko barabarani. Gundi ya fundi viatu huwasahaulisha njaa na baridi. Anayewaita wavivu hajalala juu ya katoni usiku wa Julai.

Upande wa pili nao tunaujua. Yupo muumini aliyemkaribisha mtu kwake akaibiwa. Yupo shemasi ambaye simu yake hailali, na watoto wake mwenyewe hawamwoni. Wamechoka, kisha wanaambiwa kuchoka ni upungufu wa imani. Si kweli. Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri akaenda kuomba faraghani, huku watu wakimtafuta.

Msamaria wa Luka 10 anatuonyesha njia. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni na kumuuguza. Kesho yake alimwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaendelea na safari. Hakumhamishia kwake, wala hakumtupa: alimkabidhi kwa anayeweza kumtunza, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Hata wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema mfungie mlango.

Kwa hiyo muumini ana haki ya kukataa kumlaza nyumbani mtu asiyemjua, au kutoa pesa taslimu kila anapoombwa. Amwambie hivyo akimtazama usoni, amuulize jina, amweleze anachoweza kumsaidia. Kupandisha kioo cha gari na kugeuza uso si kuweka mpaka. Ni kumkana ndugu.

Lakini ushirika mzima hauna ruhusa ya kusema hapana. Mitume walipoona wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuifuta huduma wala hawakujaribu kuibeba peke yao. Walitaka wachaguliwe watu saba. Basi kila kanisa litenge fungu la sadaka kwa kazi hii, tena liandikwe kwenye bajeti. Liteue watu wa zamu, ili mzigo usimlemee mmoja. Lifungue choo na bomba lake. Lielewane mapema na kituo kinachopokea watu, na kwa mtoto lipige simu ya bure 116 na kumwarifu afisa wa watoto. Wachungaji na wazee wa kanisa watakaoshindwa kufanya haya wasijifiche nyuma ya maombi.

Waanze Jumapili ijayo. Ndoo ibaki stoo, aliyelala barazani aamshwe kwa jina lake, na apewe chai kabla kengele haijalia.