Bunduki ya upepo isipimwe kwa kasi ya risasi

Wauzaji wa bunduki za upepo hutangaza tarakimu moja kuliko nyingine zote: kasi ya risasi. Sanduku moja huandikwa mita 300 kwa sekunde, la pili zaidi ya hapo, na mnunuzi huamini kwamba yenye kasi kubwa ndiyo bora. Kwa klabu itakayotaka kuanzisha mchezo wa kulenga shabaha katika nyanda za juu za Nakuru, tarakimu hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Bunduki inayofaa huko ni nyepesi, ina springi ya nguvu ya wastani na kifyatuo laini, na humtii hata anayejifunza. Zile kubwa zinazosifiwa kwa nguvu zina kazi yake kwingineko.

Sachangwan ni mfano mzuri. Wakenya wengi hulikumbuka jina hilo kwa majonzi ya 31 Januari 2009, pale lori la mafuta liliposhika moto na kuua zaidi ya watu 100. Lakini madereva wanaopanda barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hulijua pia kwa mwinuko na baridi yake. Eneo hilo la Molo na Mau Summit liko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapo ni pungufu kwa karibu robo likilinganishwa na la Mombasa. Kwa silaha inayotegemea hewa peke yake, robo hiyo haiwezi kupuuzwa.

Bunduki ya upepo ya springi haina baruti wala gesi ya kujaza. Mlengaji akivunja mtutu au akivuta wenzo, springi ya chuma hubanwa nyuma ya pistoni ndani ya silinda. Kifyatuo kikiachia, springi husukuma pistoni mbele kwa nguvu, hewa iliyomo hubanwa ghafla, nayo huitoa risasi ndogo ya milimita 4.5 au 5.5 mtutuni. Hewa inayofanya kazi yote hiyo ni ileile ya mahali mtu aliposimama. Palipo na hewa nyepesi, silinda huingiza hewa kidogo, na msukumo hupungua.

Kuna athari ya pili ambayo haizungumzwi sana. Hewa iliyobanwa ndiyo pia huipunguza mwendo pistoni kabla haijagonga mwisho wa silinda. Hewa ikiwa nyepesi, mto huo huwa mwembamba, na pistoni hugonga kwa nguvu zaidi. Springi kubwa inayofanya kazi vizuri Mombasa au Tanga itatikisa bunduki zaidi ikipandishwa Sachangwan, huku ikitoa nguvu kidogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye sanduku. Mnunuzi anakuwa amelipia kishindo. Ni kweli kwamba risasi ikishatoka hukutana na ukinzani mdogo katika hewa hiyo, hivyo haipotezi kasi upesi. Lakini kwenye shabaha ya mita 10 faida hiyo haionekani kabisa, na mtikisiko unaonekana.

Mtikisiko ndio adui mkuu wa bunduki hizi. Ya baruti hurudi nyuma mara moja. Ya springi hurudi nyuma pistoni inapoanza safari, kisha huruka mbele pistoni inapofika mwisho, na mambo haya hutokea risasi ikiwa bado mtutuni au ndiyo kwanza inatoka. Kwa sababu hiyo mlengaji aliyezoea kukumbatia bunduki kwa nguvu hushangaa kuona matundu yametapakaa kwenye karatasi. Mmarekani Tom Gaylord, aliyeandika kuhusu bunduki za upepo kwa miaka mingi, aliueneza ushikaji unaofuata mfano wa mzinga: kitako kigusane na bega bila kubanwa, mkono wa mbele ubaki kiganja wazi, bunduki ilale juu yake na iachwe iruke inavyotaka, ili mradi iruke vilevile kila mara. Springi ikiwa kali, ushikaji huo huhitaji miezi ya mazoezi. Ikiwa ya wastani, hata anayeanza huupata mapema.

Mifano halisi inaonyesha hivyo. Kiwanda cha Weihrauch cha Mellrichstadt, Ujerumani, hutengeneza HW30S, bunduki ya kuvunja mtutu yenye uzito wa takriban kilo 2.5. Springi yake ni ndogo, kijana anaweza kuikoki bila kukunja uso, na kifyatuo chake ni kile kinachoitwa Rekord, ambacho huvutwa kwa hatua mbili: ya kwanza huondoa ulegevu, kidole husimama penye ukinzani, ya pili huachia. Mlengaji anajua hasa ni wakati gani bunduki italia. Kiwanda hichohicho kilitoa HW80 mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ilijengwa kwa ajili ya nguvu: ni nzito, mkono wa kuikoki lazima uwe na misuli, na mshtuko wake humwadhibu kila aishikaye vibaya. Bunduki zote mbili ni kazi ya mafundi stadi. Tofauti ni kwamba HW30S humsamehe mwanafunzi, na HW80 haimsamehe.

Kati ya hizo mbili kuna Diana 34, Mjerumani mwingine anayejulikana sana duniani tangu miaka ya 1980. Ni imara, bei yake ni nafuu kuliko nyingi za daraja lake, na mtutu wake una mistari mizuri ya kuizungusha risasi. Lakini ile ya nguvu kamili inaruka mikononi na kudai ushikaji wa mzinga kwa ukali. Diana hiyohiyo hutengenezwa pia kwa nguvu ndogo ya juli 7.5, kiwango ambacho sheria ya Ujerumani humruhusu mtu mzima kununua bila kibali cha silaha. Mwenye kuzijaribu zote mbili kwa mita 10 ataona ile dhaifu ikikusanya matundu karibu zaidi mikononi mwa mtu asiye mzoefu.

Kundi jingine ni la mtutu usiovunjwa, ambao hukokiwa kwa wenzo ulio chini yake: HW77 na HW97 za Weihrauch, na TX200 ya Air Arms ya Uingereza. Kwa ulengaji safi hizi ziko juu, kwa kuwa mtutu haunyanyuliwi wala haushushwi, na uzito wao hutuliza mtikisiko. Uzito huohuo ndio kasoro yake. TX200 hupita kilo 4 kabla haijafungwa darubini, na kijana wa miaka 15 akiisimamia kwa dakika chache mikono huanza kutetemeka. Tena risasi huwekwa kwa kidole katika nafasi iliyo mbele ya silinda ya chuma iliyobanwa nyuma. Silinda ikiachia, kidole kinaweza kukatwa. Viwanda vimeweka vizuizi vya meno kwenye wenzo, na bado kanuni haibadiliki: mkono mmoja ushike wenzo mpaka kidole kitoke. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi wanaoanza hapaswi kujiongezea mzigo huo.

Kwa bunduki za kuvunja mtutu, kipimo cha haraka kinaweza kufanywa mezani dukani. Muuzaji aifunge bunduki ikiwa tupu, mnunuzi aushike mtutu na kuusukuma kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo kwenye bawaba, iachwe, kwa maana kila risasi itatoka na pembe yake. Asikubali pia kuifyatua bila risasi ndani ili kusikia mlio. Bila risasi pistoni hugonga chuma bila kizuizi na springi au muhuri huharibika.

Historia ya mashindano inaunga mkono hoja ya nguvu ndogo. Katika miaka ya 1960 na 1970, kabla bunduki za hewa iliyohifadhiwa hazijatawala, za springi ndizo zilizotumika kwenye mita 10. Feinwerkbau wa Oberndorf walitengeneza mfululizo wa 300, ambao sehemu yake ya juu huteleza juu ya reli risasi inapotoka, hivyo mshtuko haumfikii mlengaji. Diana walitumia pistoni mbili zinazokwenda pande tofauti zikapunguzana nguvu. Hakuna kati yao aliyekimbilia kasi. Risasi ya mashindano hutoka kwa takriban mita 170 kwa sekunde, nusu ya kasi ya sauti, na nukta ya kumi katika shabaha ya mita 10 ina upana wa nusu milimita. Tena risasi hii yenye kiuno chembamba huyumba ikikaribia kasi ya sauti, yaani karibu mita 340 kwa sekunde. Tarakimu kubwa kwenye sanduku huahidi hasa mwendo unaoharibu shabaha.

Wapo watakaouliza kwa nini klabu mpya isianze na zile za hewa iliyohifadhiwa, zinazotumika Olimpiki leo. Hoja yao ina uzito: hazina mtikisiko, na hujaribu kipaji bila kukichanganya na hila za springi. Lakini zinataka pampu ya shinikizo la juu au mtungi, mafunzo ya kuujaza na fundi wa kuzirekebisha. Mitungi ya aina hiyo hujazwa kwa urahisi Diani na Watamu, penye wapiga mbizi, si Molo. Zile za gesi ya kaboni dioksidi nazo hudhoofika kukiwa na baridi, na asubuhi za Juni na Julai Sachangwan zina baridi ya kutosha. Bunduki ya springi haidai umeme wala mtungi. Inataka risasi, tone la mafuta yanayofaa na mtu mwangalifu. Mwanafunzi aliyejifunza ushikaji na kifyatuo kwa springi atahamia kwa nyingine bila shida.

Kipaji kipo. Kaunti ya Nakuru ndiyo yenye Keringet, alikotoka Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016, 2021 na 2024. Watu wa nyanda hizi wamejifunza kutawala pumzi na moyo kwa vizazi, na kulenga shabaha ni kazi ya pumzi na moyo: mlengaji hutoa nusu ya hewa, hutulia, hufyatua kati ya pigo na pigo. India, nchi iliyosubiri kwa muda mrefu, ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki kwa bunduki ya upepo, pale Abhinav Bindra aliposhinda mita 10 mjini Beijing mwaka 2008. Mchezo huo hauhitaji uwanja wa riadha. Ukumbi wa shule ukiwa na mita kumi na chache, ukuta imara na taa nzuri unatosha.

Hata hivyo, Molo na jirani yake Kuresoi si mahali pa kutamka neno bunduki kwa wepesi. Familia nyingi zilifukuzwa makwao kwa ghasia mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Mzazi atakayetaka kujua silaha inalala wapi usiku ana haki kamili ya kupewa jibu. Jibu liwe hili: bunduki zote ziwe mali ya klabu, zifungiwe kabati la chuma, zihesabiwe kabla na baada ya mazoezi, na hakuna mwanafunzi atakayekwenda nayo nyumbani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ipo, na Bodi ya Leseni za Silaha ipo. Mtu asijidanganye kwamba kutokuwa na baruti kunaiweka bunduki ya upepo nje ya uangalizi; hatua ya kwanza ya klabu yoyote iwe barua kwa bodi na kwa polisi wa eneo, kabla ya kuagiza hata risasi moja. Miwani ya kukinga macho ivaliwe na kila aliye ukumbini.

Wala isitumike kwa ndege. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda wanyama wa mwitu. Mkulima anayeliwa njegere na ndege ana haki ya kulalamika, lakini dawa yake si kumpa kijana bunduki. Risasi zilizotumika nazo zikusanywe kwenye kisanduku cha chuma nyuma ya shabaha, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu na hayafai kuachwa kwenye udongo wa viazi. Mikono ioshwe kabla ya chakula.

Idara ya michezo ya kaunti ya Nakuru inaweza kuanza na shule moja ya Molo au Sachangwan, bunduki nne za kiwango cha juli 7.5 zenye uzito usiozidi kilo 3, na mwalimu mmoja aliyepimwa na bodi. Kabla ya kununua, kila aina ifyatuliwe huko huko juu, si Nairobi wala pwani: risasi tano kwa mita 10, kwa mkono wa mwanafunzi anayeanza, na matundu yapimwe kwa rula. Ile itakayokusanya matundu karibu zaidi ndiyo ilipiwe kwa fedha za umma, hata kama sanduku lake lina tarakimu ndogo kuliko zote.