Sufuri ya Dan O'Brien

Wapo walimu wenzangu wapendao kuwasimulia wanafunzi habari za mabingwa kana kwamba mabingwa hao hawakuwahi kuteleza. Mimi siafikiani nao. Dan O'Brien wa Marekani, kwa mfano, ningependa atajwe darasani pamoja na sufuri yake.

Dekathloni ni michezo 10 inayoshindaniwa kwa siku 2, na alama zote hujumlishwa. Mwaka 1991 O'Brien alitawazwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata kampuni ya viatu ya Reebok ikawa inamtangaza katika televisheni, yeye na mwenzake Dave Johnson, utadhani tiketi za Olimpiki ya Barcelona wamekwisha kutiwa mkononi. Kumbe mchujo wa New Orleans ulikuwa bado.

Huko O'Brien alikuwa akiongoza hadi ulipofika mchezo wa nane, kuruka kwa upondo. Vimo vya chini akavidharau, akaanzia mita 4.80. Akajaribu mara ya kwanza, akaangusha ufito. Mara ya pili, hola. Mara ya tatu, yaleyale. Hakupata hata alama moja, na Barcelona akaenda kama mtangazaji wa televisheni, huku Johnson akijinyakulia nishani ya shaba.

Wengi husema ilikuwa bahati mbaya. Nami nauliza: ni bahati gani iliyomkataza kuruka kimo cha chini kwanza, ajiwekee akiba ya alama? Lile lilikuwa kosa la hesabu, na sisi wasahihishaji tunalijua sana. Kila mwaka tunawaona wanafunzi hodari wakiyaruka maswali mepesi, wakakesha na lile moja gumu mpaka kengele ikalia. Wazazi nao hulaumu mtihani!

Hata hivyo, nisimwonee. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka uo huo wa 1992, alikwenda Talence, Ufaransa, akazoa alama 8,891. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na ilidumu hadi 1999. Ubingwa wa dunia aliutwaa tena mwaka 1993 na 1995. Olimpiki aliisubiri miaka minne, akashinda dhahabu mjini Atlanta mwaka 1996 kwa alama 8,824. Na upondo, je? Talence aliruka mita 5.00. Atlanta vilevile, mita 5.00.